Kaltum na Mteremko wa Kiriri

Duka la Kaltum liko mtaa wa Bwiza, kwenye barabara yenye kelele kuliko zote. Anauza mashuka, mapazia na vitambaa vya meza. Babu yake alikuwa mfanyabiashara, baba yake pia, na wote walifanya biashara wakiwa wamekaa. Kaltum naye anakaa. Anakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi hadi jioni, na kila kitu kinamfuata pale alipo. Chai inaletwa. Chenji inaletwa. Mteja akitaka shuka la rafu ya juu, Kaltum ananyoosha kidole tu, na mteja analiteremsha mwenyewe.

Ana miaka arobaini na sita. Ana sauti kubwa na anapenda kucheka. Nyumba yake iko juu ya duka, na ngazi ni kumi na nane. Akifika juu husimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu. Hajasahau kitu. Anatafuta pumzi.

Mwaka huu Mungu alimfungulia mlango. Yeye na mama yake, Bi Ghada, walipata nafasi ya kwenda Makka kufanya umra, pamoja na kikundi cha msikiti wao. Bi Ghada ana miaka sabini na minne. Magoti yake yamechoka, kwa hiyo anatembezwa kwa kigari cha magurudumu. Kule Makka wako vijana wa kusukuma vigari kwa malipo. Lakini Bi Ghada alikuwa na ombi moja.

"Mi sitaki kusukumwa na mutu nisiyemujua," alisema. "Nitakuwa naogopa ataniangusha, na dua zangu zote zitapotea. Unisukume we, Kaltum."

"Mama, nitakusukuma mi mwenyewe. Wallahi!"

Alijibu haraka, mbele ya watu. Baadaye ndipo alipofikiri. Kuizunguka Kaaba mara saba. Kisha kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, safari saba. Kilomita tano au zaidi, huku anasukuma kigari! Na safari ilikuwa imebaki majuma tisa.

Mume wake, Sultani, alicheka sana.

"Mama Tahani, kwanza ujisukume mwenyewe mpaka juu ya ngazi," alisema.

"Cheka tu, baba Tahani. Utaona."

Binti yao Tahani, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa katika klabu ya siporo, yaani mazoezi, ya mtaa. Kila Jumapili asubuhi klabu hiyo hukimbia barabarani kwa mistari, wakiimba na kupiga makofi. Mbele anakimbia Chance, kijana mrefu mwenye filimbi. Jumapili iliyofuata, Kaltum alivaa suruali pana, dira fupi na mtandio, akaazima viatu vya Tahani, akafunga kamba, akatoka.

Barabara nzima ya Bwiza ilisimama kutazama. "Mama wa mashuka anakimbia!" watu walipiga kelele. Kaltum aliwapungia mkono kama bibi harusi.

Walikwenda mpaka Kiriri, kwenye milima iliyo juu ya mji na ziwa. Kupanda kulikuwa kazi. Katikati ya mlima Kaltum alisimama, mikono kiunoni, mdomo wazi. Sasa, klabu ile ina desturi yake: hakuna anayeachwa. Walio mbele hugeuka, hurudi chini hadi kwa mtu wa mwisho, humzunguka na kumwimbia jina lake mpaka atembee tena. Wakamzunguka. Wakaimba, "Kaltum eee! Kaltum twende!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na akatembea.

Kushuka, je? Kushuka kulikuwa raha tupu. Upepo wa ziwa ulimpiga usoni na miguu ilienda yenyewe. Akawapita vijana.

"Kumbe siporo ni hii tu!" alisema. "Turudie!"

Palikuwa na kipande kimoja cha barabara, kifupi lakini kikali. Kaltum alikipanda polepole na kukishuka mbio. Kisha tena. Kisha tena.

"Mama, leo ni mara ya kwanza," Chance alimwambia. "Mara mbili inatosha."

"Mwanangu, kule niko naenda haiko mara mbili. Iko mara saba. Leo nifanye saba, nijue kama ninaweza."

Akafanya saba. Hakuna aliyeweza kumzuia, na mimi ninayesimulia nisingejaribu. Alirudi nyumbani anaimba, akala sahani mbili za wali kwa samaki wa mukeke wa kukaanga, akamtazama mume wake kwa dharau.

Jumatatu asubuhi mapaja yalikuwa magumu kidogo. "Si kitu," alisema. Akakaa kwenye kiti chake siku nzima.

Jumanne alfajiri alishindwa kusujudu. Alipojaribu kuinama, mapaja yalikataa. Alipojaribu kuinuka, yalikataa zaidi. Aliswali kwenye kiti. Kisha akafika kwenye ngazi za kuteremkia dukani. Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akapiga kelele. Alifikiri kidogo. Akageuka, akashika ukuta, akashuka kinyumenyume, ngazi kumi na nane, mgongo ukiwa mbele.

Wateja wawili walikuwa chini wakisubiri. "Mama Tahani," mmoja aliuliza, "unakuja ao unaenda?"

Kila mtu alicheka isipokuwa Sultani. Aliogopa. Alimrudisha mke wake juu kitandani, akampigia simu binamu yake Seifu, ambaye huwakanda wachezaji wa mpira. Seifu alikuja na ndoo ya maji ya moto, chumvi, na mikono mipana.

"Damu imeganda ndani," alisema. "Lazima niipasue."

Akaanza kukanda mapaja kwa vidole gumba kwa nguvu zake zote. Kaltum alilia hadi watu wa duka la jirani wakamsikia.

"Kama haitoshi, atapigwa sindano," alisema Seifu akijifuta jasho.

Sultani alikaa kitandani, karibu na mke wake.

"Sikia," alisema taratibu. "Ijumaa baada ya swala, kiongozi wa safari anafunga listi ya wazee wenye kusukumwa. Mi nitaandikisha mama. Watamupa kijana wa kumusukuma. We miguu yako imeharibika."

Mlango ulikuwa wazi. Bi Ghada alikuwa kwenye kigari chake sebuleni, na alisikia kila neno. Hakulalamika. Alisema tu, "Haidhuru." Neno hilo lilimuumiza Kaltum kuliko vidole vya Seifu. Akafunika uso kwa shuka, akalia kwa sauti ndogo, yeye ambaye hana sauti ndogo.

Wakati huo mtu alibisha hodi. Alikuwa Irène, jirani yao wa nyumba ya tatu. Irène alitoka Uvira miaka mingi iliyopita. Ni fundi wa viungo. Kazi yake hospitalini ni kuwafundisha watu kutembea tena baada ya ajali au ugonjwa.

"Nimesikia mutu analia," alisema. "Nikafikiri munachinja mbuzi bila kuniita."

Kaltum alicheka, akashika paja. "Usinichekeshe, dada Irène. Hata kucheka kunauma."

Irène alivuta kiti. "Bon. Ilianza lini?"

"Jumapili nilikuwa muzima kabisa. Jana kidogo. Leo njo nimekufa."

"Ni muguu moja ao yote mbili?"

"Yote mbili, sawasawa. Hapa mbele ya mapaja."

"Iko homa? Iko mahali pamevimba sana, ao panawaka moto?"

"Apana."

"Na mukojo? Rangi yake ni gani?"

Sultani aliinuka. "Mi naenda kuangalia duka," alisema.

"Baba Tahani, kaa! Hili ni swali la maana sana," Irène alimwambia. "Mutu akifanya siporo kupita nguvu zake, pengine nyama zinaumia sana na uchafu wake unaingia mu damu. Mukojo unakuwa mweusi kama chai kali ao Coca. Akiona hivyo, asingoje kesho, akimbie hospitali. Vilevile kama muguu moja tu imevimba na inauma, ao kama maumivu yanazidi siku nyingi."

"Wangu ni wa kawaida," Kaltum alisema, na hakuona haya hata kidogo.

"Vwala. Basi uko salama. Miguu yako haikuharibika. Iko kazini."

"Kazi gani? Siwezi hata kusujudu!"

Irène alimwomba Tahani amletee jora la kitambaa cha pazia kutoka dukani. Alimpa Kaltum alishike kwa mkono mmoja.

"Pandisha juu," alisema. Kaltum akakunja kiwiko, akapandisha. "Sasa shusha polepole, polepole sana. Usiliache lianguke. Unasikia nini mu mukono?"

"Nyama inakaza. Lakini inarefuka!"

"Njo hiyo. Ukipandisha, musuli unakaza na unakuwa mufupi. Ukishusha, unakaza huku unarefuka. Unafanya kazi ya breki. Kazi ya breki inaumiza musuli kuliko kazi ingine yote. Mu Kiriri, kupanda kulimaliza pumzi yako, ukafikiri hapo njo palikuwa kazi. Apana. Kazi ilikuwa kushuka. Kila hatua, mapaja yako yalipiga breki. Mara saba! Na miguu hiyo ilikuwa imekaa kwenye kiti miaka makumi mbili."

"Na breki zikakatika," Sultani alisema.

"Hazikukatika. Ndani ya musuli iko nyuzi nyingi sana, ndogo kuliko unywele. Zingine zilipasuka kidogo kidogo. Jicho haliwezi kuona. Mwili ukajua. Ukaleta maji na damu, na chembe za kusafisha mahali pale na kujenga tena. Kazi hiyo njo inaleta uvimbe kidogo na maumivu. Haianzi saa ileile. Inapanda siku ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu, kisha inashuka. Watu wengi wanapona ndani ya juma moja."

"Shuleni walituambia ni asidi," Tahani alisema.

"Watu wengi wanasema vile. Lakini ile asidi inaondoka muda mufupi baada ya siporo. Leo ni siku ya pili. Haiko tena."

Sultani alitikisa kichwa. Yeye ni mtu wa vitambaa na anajua anachokijua.

"Dada Irène, mi nauza mashuka. Shuka likipasuka, hata ulishone vizuri, halirudi kama zamani. Bei yake inaanguka."

"Kwa sababu shuka halina uhai, baba Tahani. Lenyewe halijui kujishona. Musuli unajua. Na ukimaliza kujitengeneza, unakuwa na nguvu kuliko zamani. Mwili unasema: kumbe huyu mama anaweza kunirudisha kwenye mulima ule, ngoja nijitayarishe. Mara ya pili, mulima uleule, maumivu yatakuwa kidogo sana. Kinga hiyo inabaki majuma mengi."

Kaltum alikaa wima. "Unasema kweli? Haitakuwa hivi kila mara?"

"Kweli kabisa. Hata ukianza na dozi ndogo, kinga inakuja. Hapo njo ulikosea. Kushuka mara mbili kungetosha kufundisha mwili. Mara saba ilikuwa kuupiga. Na maumivu si kipimo cha kazi nzuri. Mutu anaweza kupata nguvu bila kulia."

"Na mi?" Seifu aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa bado na ndoo yake. "Nilifanya vibaya?"

"Kupapasa polepole kunaweza kumupa raha, ndugu yangu. Lakini kukanda kwa nguvu mahali palipoumia ni kuongeza vidonda. Hakuna damu ya kupasua. Na sindano haina kazi hapa."

Seifu aliitazama ndoo yake. "Basi maji haya nitaoga," alisema.

Irène alimwambia Kaltum afanye nini. Asilale kitandani siku nzima. Atembee kidogo kidogo ndani ya nyumba na dukani, kwa sababu kutembea taratibu kunalegeza miguu na kupunguza maumivu. Alale mapema. Anywe maji. Ale maharage, mayai au ndagala, yaani dagaa wa ziwani, kwa kuwa mwili hauwezi kujenga bila vifaa vya kujengea. Asikimbie wala asishuke mlima mpaka maumivu yatulie.

"Na listi?" Sultani aliuliza. "Inafungwa Ijumaa."

"Ngojeni mpaka Ijumaa," Irène alisema. "Siwezi kumuapia mutu mwili wake. Lakini tungoje, tuangalie ngazi zenu."

Jumatano Kaltum alishuka tena kinyumenyume. Watoto wa mtaani walikuja kutazama, na yeye akawaamkia kwa mgongo. Alhamisi alishuka upande, kama kaa. Siku hiyo hakukaa kwenye kiti. Alizunguka duka, akateremsha mashuka mwenyewe, na wateja wakashangaa kugundua kwamba mama Tahani ana miguu.

Ijumaa, kabla ya swala, Sultani alisimama chini ya ngazi na simu mkononi. Bi Ghada aliletwa mlangoni kwa kigari chake, akakaa juu akitazama. Kaltum alishika ukuta. Kisha akauachia. Akashuka, uso mbele, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikunja uso kidogo kwenye ya kumi. Hakusimama. Alipofika chini, wateja walipiga makofi, na muuza chapati wa jirani akapiga vigelegele bila kujua sababu.

Sultani alipiga simu palepale.

"Shehe, lile jina la Bi Ghada, usiandike. Iko mutu wa kumusukuma." Akasikiliza. "Nani? Mutoto wake. Ndiyo, yule wa mashuka. Ndiyo, yule mwenye kukaa."

Siku kumi baada ya ile Jumapili ya kwanza, maumivu yalikuwa yamekwisha. Kaltum alianza upya, safari hii kwa ushauri wa Irène. Kwanza zilikuwa ngazi za nyumbani: kupanda na kushuka mara tatu, kupumzika siku moja, kisha tena. Jumapili iliyofuata alirudi Kiriri, kwenye kipande kilekile. Alishuka mara mbili tu, kwa hatua fupi. Chance alipiga filimbi kwa furaha.

Jumatatu Kaltum alingoja maumivu. Jumanne aliyangoja zaidi. Alikuwa na woga, nasema kweli. Aliamka alfajiri, akatandika mswala, akasujudu, akainuka. Mapaja yalimkumbusha kidogo tu kwamba yapo.

"Irène!" aliita dirishani, na nusu ya Bwiza ikageuka. "Miguu imejifunza!"

Juma lile lingine alishuka mara tatu, kisha nne. Kila alipoongeza, aliongeza kidogo, na kila baada ya kazi nzito alipumzika. Sultani alipoona hivyo, wivu ulimshika. Jumapili moja alijiunga na klabu, akakimbia Kiriri kama kijana, akashuka mara tano mbele ya wote. Jumanne alishuka ngazi kinyumenyume.

"Lakini tunaishi nyumba moja!" alilalamika. "Mi pia nilidhani niko na kinga."

"Kila musuli unasoma darasa lake," Irène alimjibu. "Mapaja ya muke wako hayawezi kukufanyia mutihani."

Majuma mawili kabla ya safari, Kaltum alitaka kujaribu kigari. Klabu nzima ilikubali. Jumapili hiyo hawakwenda Kiriri. Walikwenda kwenye barabara tambarare, karibu na ziwa, na mbele yao alikuwa Bi Ghada kwenye kigari, amevaa miwani ya jua ya Tahani. Kaltum alisukuma. Vijana waliimba. Penye mteremko mdogo kigari kilitaka kukimbia, na Kaltum akakizuia kwa mapaja yale yale, hatua kwa hatua.

"Ongeza mwendo!" Bi Ghada aliamuru. "Tunapitwa na baiskeli!"

Hatimaye siku ikafika. Wakapanda ndege, wakavuka bahari, wakafika.

Kuizunguka Kaaba kulikwenda polepole, kwa sababu watu walikuwa wengi. Kisha wakaanza Safa na Marwa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Bi Ghada alikuwa akisoma dua zake bila haraka, na hakugeuka hata mara moja kuangalia nani yuko nyuma yake. Mara ya nne kijana mmoja wa vigari aliwakaribia, akamwonyesha Kaltum kwa mkono kwamba anaweza kumsaidia. Kaltum akatikisa kichwa. Mara ya sita miguu ilikuwa mizito na jasho lilimshuka machoni. Alipunguza mwendo, akanywa maji, akaendelea. Mara ya saba walifika Marwa, na Kaltum akafunga breki ya kigari.

Bi Ghada alimaliza dua yake. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akautafuta mkono wa binti yake, akaubusu. Kaltum alijaribu kuuondoa, kwa sababu kwao mtoto ndiye anayebusu mkono wa mzazi. Bi Ghada hakuuachia.

"Mama, apana," alisema Kaltum, akilia.

"Nyamaza," Bi Ghada alisema. "Nimeomba yote niliyotaka. Sikuogopa hata kidogo."